Diklopa na Panadol kila siku kwa ajili ya mgongo, ni sawa?

SWALI: Habari dokta, mi napakia magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, mgongo unanitesa sana. Namezaga diklopa moja asubuhi moja jioni, na Panadol mbili mbili mara tatu, hapo ndo kazi inaenda. Sasa tumbo linawaka moto na juzi nimepima presha wakasema imepanda. Niongeze dozi au nibadilishe?

JIBU: Pole sana kaka. Usiongeze, na diklopa iache leo hii hii.

Diklopa ni dawa mbili kwenye kidonge kimoja, diklofenaki na paracetamol, na Panadol nayo ni paracetamol hiyo hiyo, kwa hiyo unairudia bila kujua. Tupige hesabu, diklopa nyingi zina paracetamol miligramu 500, mbili ni 1000, Panadol sita ni 3000, jumla 4000. Hapo ndo mwisho kabisa wa mtu mzima kwa saa 24 na wewe unafika kila siku, siku mafua yakikukamata ukanunua vidonge vya mafua, ambavyo vingi navyo vina paracetamol, umeshapitiliza na ini ndo linaumia. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au anayekunywa pombe sana mwisho wake uko chini ya hapo. Na aliyezidisha anaweza akashinda siku nzima yuko fresh tu, macho yanakuja kuwa ya njano baadaye, wakati dawa ya kumuokoa inafanya kazi vizuri zaidi akiipata ndani ya saa 8, kwa hiyo mtu kama huyo apelekwe hospitali hata kama anaongea na kucheka.

Tumbo na presha, hapo nashuku diklofenaki. Inatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo hizo ndo zinalinda ukuta wa tumbo, ndo maana hata ukila ugali kwanza bado vidonda vinaweza kutokea. Inapandisha presha, inabana figo, hasa ukishinda juani unatoka jasho na maji hunywi. Brufen na aspirini ni kundi hilo hilo, usihamie huko.

Halafu kaka kama umekulia ziwani, visiwani huko au hapo hapo Mwanza, umeshawahi kupima kichocho? Kile cha tumbo kikikaa miaka mingi kinaharibu ini, mishipa ya koo la chakula inavimba, na hizi diklofenaki zinaongeza hatari ya mishipa hiyo kuvuja damu. Nalisema hili kwa msisitizo maana huku kwetu ni kitu cha kawaida kabisa. Nenda kituo cha afya upime choo, upime na presha upya.

Kwa sasa tumia paracetamol peke yake, vidonge viwili vya 500, ukae angalau saa 6 ndo umeze vingine, usizidi mara tatu kwa siku, na isipite siku tatu hujaonwa na daktari. Ya kupaka mgongoni muulize daktari hapo hapo, maana jeli nyingi nazo zina diklofenaki, ingawa inayoingia mwilini ni kidogo.

Ukinunua dukani omba uone boksi lenyewe. Mara nyingi muuzaji anakata na mkasi, jina linabaki kwenye kipande chake, wewe unaondoka na vidonge vinne kwenye kibahasha hujui ni nini, kesho unanunua vingine kwa mtu mwingine na unachanganya.

Ukiona choo cheusi kama lami, umetapika damu, au miguu imekufa ganzi na mkojo haushikiki, usisubiri kesho wala usiende duka la dawa, nenda hospitali moja kwa moja na ubebe dawa zote ulizokuwa unameza wazione.