Kiumbe uliyempata kwenye dagaa wa Kirumba si Eurythenes gryllus

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba kiumbe mdogo uliyemkuta kwenye dagaa wa mwalo wa Kirumba, Mwanza, anafanana na picha ya amfipodi (mnyama wa jamii ya kamba na kaa) mla mizoga, Eurythenes gryllus, na unataka kumwandika hivyo katika ripoti yako ya chuo. Nakushauri usifanye hivyo. Eurythenes gryllus ni wa baharini, kwenye vina vya mamia hadi maelfu ya mita, ilhali Ziwa Victoria lina maji baridi (yasiyo ya chumvi) na kina chake kikubwa ni takriban mita 80.

Kwanza mtazame kwa lenzi: amfipodi amebanwa ubavuni, hana gamba moja linalofunika kichwa na kifua, na macho yake hayana vikonyo. Ukiona gamba hilo na macho yenye vikonyo, yaelekea umepata uduvi wa ziwani, Caridina nilotica, ambaye huvuliwa pamoja na dagaa (nami niliwahi kudanganyika kwa sampuli iliyokauka).

Jihadhari pia na maandiko ya zamani. Jina gryllus, lililotolewa mwaka 1822, lilitumika kwa amfipodi wa aina hiyo wa karibu bahari zote, hadi vinasaba vilipoonyesha kwamba ni spishi kadhaa zinazofanana. Mmojawapo wa jenasi hiyo (kundi la spishi zenye jina la kwanza Eurythenes), Eurythenes plasticus wa Mfereji wa Mariana, bonde lenye kina kirefu katika Bahari ya Pasifiki, alipewa jina mwaka 2020 baada ya plastiki kukutwa tumboni mwake.

Hifadhi sampuli katika ethanoli, mbali na moto, wala usitumie formalini, ambayo ni sumu na huharibu vinasaba, kisha uipeleke TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) hapo Mwanza.