Si kila damu ya chooni ni bawasiri

Mimi ni fundi cherehani hapa Kadutu, Bukavu. Kutwa nzima nimekaa juu ya kigoda cha mbao. Hepatiti B, yaani homa ya ini, ilishaacha makovu kwenye ini langu kabla bawasiri, au emoroide kama tunavyoziita huku, hazijaanza kunitesa. Nilificha kwa aibu, mpaka mke wangu akaniuliza mbona nashona nimeegemea paja moja.

Jirani akaniambia, "Papa, kuna mzee anazikata, siku mbili umepona." Nilikuwa nimeshaweka pesa kando. Bahati nzuri nilimwambia daktari wa ini, naye alishika kichwa. Ini likiwa na makovu, damu haipiti vizuri, inarudi nyuma kutafuta njia nyingine, na mishipa inavimba hata kule chini karibu na njia ya haja kubwa. Mishipa hiyo si bawasiri, ingawa zote hutoa damu. Ukiikata ovyo, nawe damu yako haigandi haraka, unaweza kumalizika. Basi, angaliwa kwanza. Kidole cha daktari kinaaibisha dakika mbili tu.

Duka moja la dawa liliniuzia diklofenaki ya maumivu. Mwenye ini bovu asiiguse, wala ibuprofeni: zinaumiza figo na kuchochea damu kutoka. Mimi nameza parasetamoli kwa kipimo cha daktari, nisizidi vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku.

Kinachonisaidia kuliko vyote ni choo laini. Nimepewa laktulozi, maji mazito matamu hadi yanakera, na natakiwa niende choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Niliwahi kuiacha wiki nzima. Choo kikakauka, damu ikatoka, na sumu ambayo ini lilishindwa kuisafisha ikanipanda kichwani: nilikata suruali ya mteja, miguu yote miwili ya kushoto! Kitambaa nililipa mimi.

Mezani ni lenga-lenga (mchicha), maharage, papai. Makayabu, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, nimeaga kwa sababu ya chumvi hiyo, nala sambaza wabichi, vidagaa vya ziwani. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, pia basi, hata harusini. Kuhusu maji, kama tumbo limevimba, muulize daktari unywe kiasi gani.

Jioni nakaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, dakika kumi hadi kumi na tano. Nayapima kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto. Shangazi alitaka kutia majani yake, nikamwomba radhi: dawa nyingine za majani huliumiza ini zaidi.

Ila choo kikiwa cheusi kama lami, ukitapika damu, au damu ikitoka bila kukoma na kizunguzungu juu yake, usisubiri kukuche, kimbilia hospitali. Nambari ya kijana wa moto, yaani pikipiki, anayelala jirani tumeiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa choo.