Kiitikio Kwanza, Beti Baadaye

Kijana akinijia na daftari lililojaa beti, humuuliza kwanza: wenzako wataitikia nini? Mimi huandika nyimbo za harusi hapa Amu, yaani Lamu, na kwenye vugo, ngoma ya harusi ya akina mama, hakuna mwenye karatasi. Pembe zikishaanza kugongwa, anayeongoza anautoa mstari mara moja, mara mbili, na kufikia ya tatu akina mama ama wameushika ama wameuacha. Ukiachwa hapo, beti zako zote nzuri zimekwenda nao. Ndiyo maana siandiki ubeti hata mmoja kabla kiitikio hakijasimama.

Kiitikio changu ni mshororo mmoja wa mizani 16, yaani silabi 16, vipande viwili vya 8. Kipande cha 8 humalizika kabla pumzi haijamalizika, na sikio letu limekizoea tangu zamani. Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi wa wasia kwa mizani 8 mwaka 1858, na bado unasomwa kwa mahadhi.

Lakini kuhesabu pekee hakutoshi. Tazama huu: "Nakupenda sana wewe, mpenzi wa moyo wangu." Mizani 16 zimetimia, na hakuna kitu ndani. Sasa huu: "Tanga umelishushia, bandari isiyo yako." Mke atamwimbia mumewe, binti atamwimbia mchumba aliyehamia kwingine, mama atamwimbia mwana aliyesahau kwao. Fumbo zuri lina nafasi ya watu wengi, na kila aliyejiona ndani yake huondoka nalo. Kwenye taarabu utaona watu watatu wakiinuka kutuza mshororo mmoja, kila mtu na lake moyoni.

Fumbo hilo lazima liwe la kweli, na hapa nasisitiza sana. Ukitumia chombo, kijue chombo. Ukimtoa nahodha Lamu kwenda Mombasa katikati ya kusi, huku upepo umemjaza tanga kwa nyuma, msikilizaji wa Shela au Matondoni keshakutoka: kusi yatoka kusini, humpiga usoni. Kaskazi ndiyo ingempeleka. Kosa dogo kama hilo huua wimbo mzima, maana anayeujua ukweli wa jambo moja ataacha kukuamini kwenye mapenzi pia.

Kuhusu vina, jihadhari na vya bure. Vitenzi vyetu karibu vyote huishia na a, kwa hiyo pendana, onana na kutana huja vyenyewe, na msikilizaji hukisia kina kabla hujafika. Oanisha jina na kitenzi, kama mkeka na umecheka, sikio litaamka. Na ukiandika kwa Kiamu usione haya: mato badala ya macho inakufungulia wito, pato, uzito.

Halafu sauti. Mahali udi, ile ala ya nyuzi, unaposubiri mwimbaji apande, weka a au o. Ile m ya "mpenzi" ni mizani kamili kwenye hesabu, lakini midomo imefumba, haivutiki vizuri.

Ukishamaliza kiitikio, kiimbe mbele ya watu wawili watatu walio kazini, wanaosuka au wanaopika, kisha nyamaza. Kesho yake sikiliza wanavyokirudisha. Hapo watakapobadilisha neno, usiwasahihishe. Mdomo wa watu una akili yake, nami nauamini kuliko kalamu. Mshororo wa tanga mwanzoni ulikuwa "Tanga umeteremsha", mizani 8 kamili. Shangazi mmoja alikuwa akikuna nazi huku akiuimba, na kila akifika pale alisema "umelishushia". Nilipomuuliza akanijibu, "Mwanangu, hapa ndipo pumzi inapopita." Kweli, m ya katikati ilikuwa ikiziba njia palepale sauti ilipotaka kupanda. Neno lake ndilo lililobaki, na ndilo linaloimbwa.

Baada ya hapo ndipo uandike beti. Tatu au nne zinatosha, na mshororo wa mwisho wa kila ubeti umwachie mwimbaji mlango wa kuingilia kwenye kiitikio bila kukimbizana na ngoma.