Shangazi, Houston mpaka Muheza sio masaa 21

Shikamoo shangazi. Ile sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu, unauliza kwani Marekani mpaka Dar si masaa 21 tu ya ndege, mbona baba kazikwa Jumanne mimi naingia Ijumaa khitma imeshasomwa. Sikujibu palepale kwa sababu nilikuwa nalia. Sasa nakujibu ukweli wote.

Hayo 21 ni ya hewani tu. Ndege ya moja kwa moja kutoka huku mpaka Dar hakuna, mimi napita Doha, Houston mpaka Doha ni karibu kilomita 13,000 masaa kama 15 umekaa kiti kimoja, halafu Doha mpaka Dar masaa sita hivi. (Kurudi huku inavuta zaidi ya 16 maana upepo wa juu kule unatoka magharibi, ndege inapambana nao.) Ukinyoosha mstari Houston mpaka Dar ni kama kilomita 14,600, kwa kuzungukia Doha zinakaribia 16,800. Weka na masaa manne ya kusubiri pale Doha, matatu ya kuwahi airport, na ukitua Dar ndo kwanza uende Mbezi ukatafute basi, Chalinze, Segera, unaingia Muheza alasiri.

Baba alikata roho saa kumi na moja alfajiri Jumanne. Huku ilikuwa bado Jumatatu saa mbili usiku, mwezi wa kwanza tunapishana masaa tisa, nakunja nguo za watoto simu ikaita. Mkazika saa kumi jioni. Masaa 11 shangazi. Hata ile simu ingenikuta nimeshafunga mkanda ndege inaruka, wakati mnamteremsha kaburini mimi ningekuwa bado masaa manne kuifikia Doha. Na simlaumu mtu, maiti hacheleweshwi, baba mwenyewe alikuwa mkali sana kwa hilo.

Nauli ya ghafla nilikopa kwa watu wawili, kazini wakanipa siku tano pamoja na za njiani, nikapata ndege ya Jumatano usiku. Ile skrini ya mbele ya kiti inaonyesha kandege kadogo na masaa yaliyobaki, nikaangalia 12:40, nikafumba macho nikasoma nilichoweza kumsomea baba, nikafumbua nikijua nimelala sana, 12:15.

Tunawaambiaga "likitokea lolote napanda ndege nakuja", na mimi nilimwambia baba hivyohivyo akafurahi. Haikuwa kweli, masaa hayaruhusu.

Tiketi yangu ya kuja kumuona mama mwezi wa sita nimeshakata, wiki tatu nzima. Ila ile presha yake ikipanda msinifiche eti nisiwe na wasiwasi, nipigieni siku hiyohiyo hata kama huku ni usiku wa manane.