Gari linachemsha likisimama tu

Swali: Fundi, natumia Corolla ya petroli kwa teksi hapa Tanga mjini. Nikienda Muheza mshale wa joto hautikisiki. Nikisimama Ngamiani kusubiri abiria bila kuzima injini, unapanda hadi kwenye nyekundu. Fundi mmoja aling'oa tamostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto), haikusaidia. Sasa ananiambia ninunue pampu ya maji na rejeta. Ninunue?

Jibu: Usinunue bado, ndugu yangu. Gari likiwa mwendoni, upepo wa barabarani ndio unaopooza rejeta. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Rejeta iliyoziba ndani ingekusumbua zaidi kwenye mwendo na milima.

Washa AC, utazame feni. Isipozunguka, kagua fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayowasha feni), kisha ipe umeme wa betri moja kwa moja kwa waya wa milimita 2.5 wenye fyuzi ya ampea 30. Ikigoma hapo, mota imekufa. Ikiwa inazunguka kwa AC ila haiwaki injini ikipata moto, chomoa plagi ya sensa ya joto huku swichi ya gari iko on. Kwenye Toyota nyingi feni itawaka yenyewe. Ikiwaka, mshukiwa ni sensa.

Lakini kuzunguka tu hakutoshi, lazima ivute. Weka karatasi ya daftari mbele ya rejeta (au ya kondensa ya AC, ikitangulia). Ikinata, vizuri. Ikisukumwa nje, nyaya za mota zimegeuzwa. Ikinata kinyonge, pima volti kwenye plagi feni ikizunguka: betri ikisoma 13.8 na feni 11, umeme unapotea njiani. Huku pwani chumvi ya hewani hula plagi na ethi (waya unaofungwa kwenye bodi), utakuta ukungu wa kijani. Zima, sugua kwa msasa laini, paka grisi. Volti zikiwa kamili na feni bado inajikokota, kaboni za ndani ya mota zimeisha.

Mapezi ya rejeta yaoshe kutoka upande wa injini kwenda nje, bila presha kubwa.

Tamostati irudishe, bila hiyo injini hukaa baridi njiani na kula mafuta. Usijaze maji ya kisima. Changanya kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji ya betri, yale yasiyo na asidi.

Yote yakiwa sawa na bado linachemsha, fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi kabisa, uwashe. Mapovu yasiyokoma yanaashiria gasketi ya silinda hedi, na hapo hata rejeta mpya isingekusaidia.