Kumtoa au Kumwacha? Majibu ya Maswali Yenu ya Besiboli

Maswali yamejaa, na karibu yote yanamzunguka mtu mmoja, mrushaji: kwanini katolewa, kwanini kaachwa, nani alipaswa kuingia. Mtoano wa 2025 umeacha watu na vidonda, hasa nyie mlioko Seattle na Toronto, nawaelewa kabisa. Nimechukua machache. Straiki ni nini na iningi ziko ngapi sirudii, hayo tulishamaliza siku nyingi.

Kaka hivi kweli kumtoa Snell 2020 lilikuwa kosa, au watu wanasema tu kwa vile Rays walifungwa? (Msomaji, Texas)

Lilikuwa kosa, na lingekuwa kosa hata kama Rays wangeshinda, hapo ndo mnaponipotea kila mara.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 27 Oktoba 2020, Arlington, mechi ya 6 ya World Series (fainali ya ligi ya Marekani, wa kwanza kushinda mechi nne ndo bingwa), Dodgers wana ushindi wa tatu kwa mbili. Rays wanaongoza 1-0 kwa homurani (mpira uliopigwa mpaka nje ya uwanja) ya Arozarena ya iningi ya kwanza. Tuko iningi ya 6, mmoja kashatoka, Blake Snell, mrushaji wa Rays, karusha mipira 73 tu, kawatoa tisa kwa straiki, hajampa mtu hata mmoja besi ya bure. Barnes wa Dodgers anapata hit (mpigo wa kumfikisha besi), ya pili tu usiku mzima. Wanaofuata ni Betts, Seager na Turner, na hao watatu walishakutana naye mara mbili mbili usiku ule, jumla mara sita, na zote sita walirudi benchi kwa straiki. Sita kwa sita! Kevin Cash, kocha wa Rays, akatoka benchi akamtoa Snell.

Kaingia Nick Anderson. Betts akapiga dabo (mpigo wa kufika besi ya pili), kisha Anderson akarusha mpira ukampita mdakaji na Barnes akafika nyumbani, 1-1, Seager akagonga wa chini kuelekea besi ya kwanza, Betts akachomoka akawahi, 2-1. Iningi ya 8 Betts akaongeza homurani, 3-1, Dodgers mabingwa.

Hoja ya Cash ilikuwa kwamba wapigaji wakimwona mrushaji kwa mara ya tatu wanampiga vizuri zaidi. Ni kweli na siipingi, ligi nzima inaonyesha hivo mwaka baada ya mwaka, manake mpigaji keshazoea mkono unatokea wapi na mpira unapinda vipi. Na Snell mwenyewe msimu ule hakumaliza iningi sita hata mechi moja. Lakini hiyo karatasi ya takwimu inamzungumzia mrushaji wa wastani siku ya wastani, haimzungumzii huyu aliyesimama leo pale kilimani, pa kurushia. Tena haikuangalia nani anakuja badala yake, maana Anderson alikuwa kaachia pointi katika mechi zake sita mfululizo za mtoano kabla ya ile. Kwahiyo swali halikuwa Snell mara ya tatu au mtu mwenye mkono mpya, swali lilikuwa Snell wa leo au Anderson aliyekwisha.

Na hili nitalisema mpaka mnichoke: kila geti la bulipeni (pale warushaji wa akiba wanapopasha mkono) likifunguka unamtoa mtu ambaye umeshaona leo yukoje, unamleta ambaye hujui kaamkaje. Ukiingiza mmoja sawa, ukiingiza wawili sawa, ukiingiza watano usiku mmoja basi umejitafutia mwenyewe yule ambaye leo mpira haumtii. Makocha wanafungua lile geti kama mlango wa friji.

Lakini wewe si unahukumu kwa matokeo? Wakishinda unanyamaza. (Msomaji, Nairobi)

Sinyamazi. Joe Maddon, kocha wa Cubs, 2016 alishinda World Series, wakachukua kombe baada ya miaka 108, na bado nasema alimtumia Chapman, mrushaji wake wa kufunga mechi, vibaya. Mechi ya 5 alimrushisha mipira 42, sawa, ilikuwa kufa na kupona, lakini mechi ya 6 akamwingiza tena wakiongoza kwa pointi tano, mipira mingine 20. Mechi ya 7 kule Cleveland mkono haukuwa na kitu, Rajai Davis wa Cleveland akampiga homurani ikawa 6-6 iningi ya 8. Mvua ikaja ikasimamisha mchezo, Cubs wakatulia wakashinda 8-7 iningi ya 10. Kombe lao halali kabisa, lakini uamuzi ulikuwa mbovu, na kushinda hakuusafishi.

Sisi wa Seattle tufarijie basi, kwanini Dan Wilson, kocha wa Mariners, hakumwingiza Muñoz? (Msomaji, Washington)

Pole sana ndugu yangu, na sina faraja ya kukupa. Tarehe 20 Oktoba 2025, Toronto, mechi ya 7 ya fainali ya American League (nusu ya ligi, mshindi anaingia World Series), Mariners wanaongoza 3-1, iningi ya 7, mmoja katoka, Blue Jays wako besi ya pili na ya tatu. Wamebakiza kutoa watu nane tu waingie World Series, timu iliyoanza 1977 na haijawahi kufika huko hata siku moja, ndo pekee kwenye ligi. Anakuja George Springer. Andrés Muñoz, mrushaji wao bora wa kufunga mechi, bado yuko bulipeni, kaingizwa Eduard Bazardo. Springer akaituma mbali, pointi tatu, 4-3, na ndivyo ilivyoisha. Muñoz akaja iningi ya 8 wakati nyumba imeshaungua.

Simlaumu Bazardo, kijana alifanya kazi nzuri mwaka mzima. Nalaumu hii imani kwamba mrushaji wa mwisho lazima awekwe mpaka mwisho. Nani kawaambia mwisho ni iningi ya 9? Mwisho ni pale ambapo mpigo mmoja unaweza kukurudisha nyumbani, na siku ile ulikuwa iningi ya 7, mtoto mdogo anayeangalia aliona. Hii ya kumweka akiba bora ndani ya kabati mpaka mgeni aondoke tumeiona pia mtoano wa 2016 Toronto huko huko, Baltimore walikuwa na Zack Britton mwenye ERA ya 0.54 msimu mzima, hakurusha hata mpira mmoja, akaingizwa Ubaldo Jiménez iningi ya 11, Encarnación wa Toronto akamaliza kazi kwa homurani. Miaka tisa baadaye somo lile lile watu wakafeli tena.

ERA ni nini? (Wasomaji wanne tofauti)

Pointi anazoachia mrushaji, bila kuhesabu zinazotokana na makosa ya udakaji, kwa wastani wa kila iningi 9. Ni mara ya tatu nalijibu, tafadhali someni majibu ya nyuma kabla ya kuuliza.

John Schneider wa Blue Jays ni kocha mzuri au mbaya? Hapa kwetu mjadala hauishi. (Msomaji, Toronto)

Mjadala hauishi kwa sababu mnabadilika kila siku tatu. Ijumaa tarehe 17 Oktoba 2025, mechi ya 5 Seattle, alikuwa anaongoza 2-1 akamwingiza Brendon Little iningi ya 8, Raleigh wa Mariners akasawazisha, wakapewa besi za bure, Suárez akapiga homurani besi zikiwa zimejaa, 6-2. Usiku ule mlitaka afukuzwe. Jumatatu Springer akapiga ile ya kwake mkasema Schneider fundi. Sasa Springer kupiga homurani ni ufundi wa Schneider wapi?

Kosa lake ninalolikumbuka mimi ni la Oktoba 2023 kule Minnesota, mrushaji wake José Berríos alikuwa anawaka, mipira 47 tu, kawatoa watano kwa straiki, katoa besi ya bure moja mwanzo wa iningi ya 4 kaondolewa. Mpango ulikuwa umepangwa kabla, aje Kikuchi wa mkono wa kushoto. Twins, timu ya Minnesota, wakafunga mbili papo hapo, mechi ikaisha 2-0. Ni kweli timu yake haikufunga hata pointi moja siku ile, hilo nalo lisemwe. Lakini ukimtoa mtu anayewaka kwa sababu jana usiku mlikubaliana mumtoe, basi usingekuja uwanjani, ungetuma karatasi. Toka pale amejifunza kiasi, 2025 aliwaacha waanzaji wake wafanye kazi zaidi, na nampa heshima yake.

Kwa hoja yako basi mwanzaji, yaani mrushaji anayeanza mechi, asitolewe kabisa. Pedro 2003 je? (Msomaji, Mombasa)

Swali zuri, na hili nalijibu kwa moyo wote, manake mimi sisemi usimtoe, nasema umtazame.

Tarehe 16 Oktoba 2003, Yankee Stadium, mechi ya 7 ya fainali ya American League, Red Sox wanaongoza Yankees 5-2 iningi ya 8 na Pedro Martínez bado yuko kilimani, mrushaji bora wa zama zake. Iningi ya 7 ameshaanza kupigwa kwa nguvu. Ya 8 Jeter wa Yankees dabo, Bernie Williams hit, 5-3. Grady Little, kocha wa Red Sox, akaenda mpaka kilimani, akamuuliza, Pedro akasema anaweza, kocha akarudi benchi. Matsui dabo, Posada akapiga kampira kakaanguka katikati ya watu, 5-5. Pedro alifika mipira 123. Iningi ya 11 Aaron Boone akaimaliza kwa homurani, na Little hakuongezewa mkataba.

Kosa la Little halikuwa kumwacha kwa upendo kama watu wanavyosema. Kosa ni kumuuliza! Mrushaji mkubwa ukimuuliza umechoka hawezi kukujibu ndiyo mbele ya watu elfu hamsini, hajafika pale alipofika kwa kusema ndiyo. Ungemuuliza mdakaji, yeye ndo anayepokea mpira na glavu yake inajua. Ungeangalia mipira inaangukia wapi, inapaa juu kuliko alivyokusudia? Mpigaji anagonga pembeni au anagonga katikati ya gongo? Snell 2020 wapigaji walikuwa wanakata hewa, Pedro 2003 walikuwa wanampata sawasawa. Macho yale yale yangekuambia muache wa kwanza na umtoe wa pili.

Ohtani wa Dodgers alianza mechi ya 7 ya World Series 2025 kapumzika siku tatu tu, si ni uzembe? Angeingia katikati. (Msomaji, Dar)

Sheria, ndugu. Ohtani anarusha na anapiga. Akianza kama mrushaji halafu akatolewa, anaruhusiwa kubaki kama mpigaji maalumu (anayepiga tu, hadaki wala harushi). Akiwa ni mpigaji maalumu halafu akaingia kurusha katikati ya mechi, timu inaipoteza ile nafasi, na akitoka kilimani hapigi tena, labda akasimame nje kudaka. Kwahiyo kuanza ndo ilikuwa njia pekee ya kumtumia bila kujikata mguu. Kilichoniuma ni iningi ya 3, alikuwa katoka kukimbia besi, akarudi kilimani hana pumzi, Bichette wa Blue Jays akampiga ya pointi tatu. Hapo kocha wake Roberts alichelewa kidogo.

Nani atachukua mwaka huu, nataka niweke mkeka.

Sijibu maswali ya kubeti, na pesa ya kodi ya nyumba usiiweke kwenye mkono wa mtu unayemwona kwenye simu.

Nafundisha watoto wa shule besiboli. Baada ya kumwona Yamamoto, kuna kijana wangu wa miaka 12 ana mkono hatari, naweza kumrushisha nusu fainali na fainali? (Mwalimu, Dar es Salaam)

Mwalimu wangu, hapana, na naomba unisome mpaka mwisho.

Yamamoto, mrushaji wa Dodgers, alirusha mipira 96 mechi ya 6 ya World Series 2025 siku ya Ijumaa, Jumamosi akarudi mechi ya 7 akarusha mingine 34, iningi mbili na theluthi mbili, Dodgers wakashinda 5-4 iningi ya 11, na yeye akawa mchezaji bora wa World Series. Nililia, sioni aibu kusema. Lakini yule ni mtu mzima mwenye mifupa iliyokomaa, ana daktari, ana mkandaji, ana miezi yote ya baridi ya kupumzika. Kijana wako wa miaka 12 kiwiko chake bado ni gegedu linalokua.

Little League, ligi ya watoto, imeweka kikomo: miaka 11 na 12 mwisho mipira 85 kwa siku, na akifikisha 66 anapumzika siku nne kamili. Siku nne, sio usiku mmoja. Chukua daftari, hesabu kila mpira, mpe hiyo kazi mtoto aliyekaa benchi, ataipenda. Najua mashindano ya shule pale Dar yamechukua jina na roho ya Koshien ya Japani, mashindano yao makubwa ya besiboli ya sekondari, na uwanja wa Azania umejengwa kwa mkono wao, ni jambo la kujivunia. Ila Japani wenyewe walikuwa wanashangilia kijana wa sekondari Matsuzaka akirusha mipira 250 ndani ya iningi 17 mwaka 1998, na mwaka 2020 wakaweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki kwa vijana wa sekondari, na hata hiyo mimi naona ni mingi. Msichukue ya zamani wakati wenyewe wameiacha.

Uganda vijana wawili warushaji walisainiwa na Dodgers 2022. Kwahiyo mlango upo, lakini anayepita ni mwenye mkono mzima. Fainali mpe mtoto mwingine, mkifungwa mkafungwa.

Swali la mwisho, ungekuwa Cash usiku ule ungefanyaje hasa? Sio kulaumu tu. (Msomaji, Ohio)

Ningekaa benchi. Namwacha amrushie Betts. Betts akimpiga, bado namwacha na Seager, kwa sababu Seager anapigia upande wa kushoto na Snell anarusha kwa kushoto, hapo faida ni yangu. Muda huo bulipeni mtu anapasha mkono, na sio Anderson. Akifika kwa Turner na watu wako kwenye besi, hapo ndo ningeinuka.