Ndama kuhasiwa, wiki mbili na mfuko bado umejaa

Mkuu, umesema ndama wako wa miezi mitano alibanwa kwa koleo la Burdizzo na baada ya wiki mbili mfuko wa korodani bado umejaa; wiki mbili ni mapema mno kusema koleo halikushika. Kuvimba mwanzoni ni kawaida. Burdizzo, koleo la kuhasi bila kukata ngozi, haitoi korodani, inaponda mshipa wa mbegu na wa damu, halafu korodani inasinyaa taratibu. Subiri hadi wiki ya sita hivi.

Siku hiyo mfungeni vizuri, upapase korodani moja moja. Iliyokufa huwa ndogo na ngumu, na ukipandisha vidole juu utakuta pengo pale palipobanwa. Ikiwa bado imejaa na inanesa ukiibonyeza, mshipa uliteleza. Mara nyingi ni upande mmoja tu, lakini huo mmoja unatosha kukupandishia mitamba yote, kwa hiyo mtenge kwanza.

Kurudia: sukuma mshipa ukingoni mwa mfuko, bana, hesabu sekunde kumi, kisha bana tena chini kidogo ya hapo. Alama ya kushoto isikutane na ya kulia katikati, ngozi itakufa na mfuko unaweza kukatika. Koleo lenyewe ulilikagua? Haya ya kuazimana kijiji kizima meno yake huwa yameachia.

Hoja ya kungoja dume akomae kabla ya kumhasi, ndipo apate shingo ya kuvuta plau, naisikia sana huku Nzega, Tabora. Sikatai, maksai wa kulimia anahitaji mwili, ila dume likishakomaa mshipa ni mnene na kulibana ni kazi ya wanaume wanne. Huyo wako wa miezi mitano yuko sawa.